Bustani ya Nyumbani Ipimwe Mwezi wa Oktoba

Somo kwa kamati za sharika na wabia wetu

Katika toleo hili tunawaletea somo kuhusu bustani za nyumbani na lishe ya kaya katika maeneo yetu makavu ya Dodoma. Tunaomba lisomwe kwa pamoja kwenye kikao cha kamati. Mwishoni tumeweka maswali, na kila usharika utayajibu kulingana na hali yake.

Kabla ya kufundisha, ni vema tuanze na kosa letu wenyewe.

Tulipokosea

Kwa miaka kadhaa tulikuwa tukigawa mbegu kila mwezi wa Novemba: kabichi, chainizi na nyanya. Tulifundisha vikundi kutengeneza matuta na kuotesha miche. Mvua ziliponyesha bustani zilistawi, na kila Machi tulipeleka wageni kuziona. Picha zilipigwa, akina mama wakiwa wamesimama katikati ya kijani kibichi. Katika taarifa zetu tulihesabu matuta, tukahesabu kaya, na tukaandika kuwa lengo limefikiwa.

Kisha mwaka mmoja tulikwenda vijijini mwezi wa Oktoba kwa kazi nyingine, kukagua visima. Tukapita kwenye kaya zile zile za kwenye picha. Uzio ulikuwa umeshageuzwa kuni, matuta yamekuwa magumu kama sakafu, na kuku walikuwa wakioga vumbi pale palipokuwa na kabichi. Mama mmoja alitukaribisha kwa heshima. Tulipomuuliza kuhusu bustani, alitueleza kwa upole kwamba bustani ni nzuri, ila ilikuwa inakunywa maji ya watoto. Siku hiyo alikuwa anapika mlenda mkavu aliopewa na mama mkwe wake. Mboga zetu hazikuwepo, lakini mboga za mama mkwe zilikuwepo.

Hakutulaumu. Sisi ndio tuliojilaumu, maana hesabu ile tulipaswa kuipiga kabla ya kununua hata pakiti moja ya mbegu. Tuta la mita 1 kwa mita 5, wakati wa kiangazi, hupoteza takriban lita 25 hadi 30 za maji kwa siku. Tulimfundisha kutengeneza matuta manne. Hiyo ni zaidi ya lita 100, yaani ndoo tano au sita za lita 20, kila siku, kwa mama anayebeba maji kichwani. Kwa maneno mengine, bila kujua tulimwongezea mzigo kwa jina la kumsaidia.

Wabia wetu waliotuma fedha zile wana haki ya kulifahamu jambo hili, na ndiyo maana tunaliandika wazi. Tangu hapo tumekubaliana kanuni moja: bustani ya nyumbani isipimwe Machi, ipimwe Oktoba.

Kwa nini Oktoba?

Kanda ya Kati ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Mvua ya mwaka ni kati ya milimita 500 na 700 katika sehemu nyingi. Kuanzia Mei hadi Novemba ni kiangazi. Hivyo tunaishi na vipindi viwili vya uhaba ambavyo havifanani, na mara nyingi tunavichanganya.

Uhaba wa kwanza ni wa unga. Unakuja Januari hadi Machi, ghala likiwa limepungua na mtama shambani haujakomaa. Wakati huo majani mabichi ni mengi hata njiani.

Uhaba wa pili ni wa mboga na matunda. Unakuja Agosti hadi Novemba. Unga bado upo, tumbo linashiba, lakini sahani imepoteza rangi. Uhaba huu hauonekani kwa macho, wala hakuna anayekuja ofisini kuuomba msaada. Hata hivyo mtoto mchanga aliyeanza kula Agosti anaweza kupitisha miezi yake ya kwanza ya chakula kwa uji mtupu. Ikumbukwe kuwa siku 1000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kufikisha miaka miwili, ndizo zenye uzito mkubwa katika ukuaji wa mwili na akili. Miezi ile mitatu au minne ikipotea, haijirudii.

Kitaifa tumepiga hatua, lakini bado. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa watoto 34 kati ya 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 30 kati ya 100. Maana yake ni kwamba katika darasa la watoto kumi wa shule ya Jumapili, kwa wastani watatu hawajafikia kimo wanachostahili.

Sehemu ya kwanza: Maji kwanza, mbegu baadaye

Swali la kwanza kwa kila kaya ni hili: Je, nyumba hii hutumia maji kiasi gani ya kuoshea vyombo, mboga na mikono? Hayo ndiyo maji ya bustani ya kiangazi. Bustani ipunguzwe hadi itoshe maji hayo. Njia tulizoziona zikidumu ni hizi:

1. Bustani ya gunia. Weka kopo lisilo na kitako katikati ya gunia, ulijaze kokoto, kisha zungushia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Vuta kopo juu kidogo kidogo huku ukiendelea kujaza, ili kokoto ziwe nguzo katikati. Maji humiminwa juu ya kokoto na kusambaa ndani. Panda juu na kwenye matundu ya pembeni. Gunia moja hutumia takriban lita 10 kwa siku, hivyo ndoo moja ya maji ya kuoshea hutosha magunia mawili.

2. Vitanda vilivyozama. Sisi tulifundisha matuta yaliyoinuka. Hayo yanafaa penye mvua nyingi, kwa sababu yanaondoa maji. Kwenye ukame kitanda kiwe chini ya usawa wa ardhi kwa kina cha kiganja, ili maji yabaki.

3. Matandazo. Funika udongo kwa majani makavu au mabua. Jua lisipopiga udongo moja kwa moja, maji hukaa muda mrefu zaidi. Angalieni mchwa, wakizidi, tumieni kokoto badala ya mabua.

4. Kivuli na upepo. Upepo wa Julai na Agosti hukausha majani kuliko hata jua. Bustani ikae nyuma ya nyumba au nyuma ya ua, upande usiopigwa na upepo, tena karibu na jiko ambako maji yanamwagwa.

Maji yenye sabuni nyingi ya kufulia yasimwagwe kwenye mboga. Maji ya kusuuzia yanafaa, yamwagwe kwenye udongo na si juu ya majani. Mboga zioshwe kwa maji safi kabla ya kupikwa.

Sehemu ya pili: Mboga zinazojua mahali petu

Kabichi haitoi mbegu katika joto letu, hivyo kila mwaka lazima inunuliwe. Nyanya nazo zimekuwa ghali kulima tangu mdudu aitwaye kantangaze alipoingia nchini mwaka 2014. Hatusemi zisilimwe. Mwenye kisima na soko alime. Lakini kwa chakula cha nyumbani tuanze na mimea inayojua mahali petu.

Wakati wa mvua, Desemba hadi Machi: mchicha, mgagani, mnavu, majani ya kunde, majani ya maboga, bamia na mlenda. Mchicha huanza kuvunwa wiki tatu au nne tu baada ya kupandwa. Mingi kati ya hii hujiotea, na mbegu zake huhifadhiwa nyumbani. Tusipalilie mlenda na kuutupa halafu tukauomba kwa jirani mwezi wa Septemba.

Mwisho wa mvua, Aprili hadi Juni: tumieni unyevu uliobaki. Pandeni marando ya viazi vitamu mahali panapotuamisha maji, hasa viazi lishe vyenye rangi ya chungwa ndani. Kiazi hicho kina vitamini A kwa wingi, na matembele yake ni mboga. Huu pia ndio wakati wa kuacha mashina machache bora ya mchicha na mgagani yakomae kwa ajili ya mbegu.

Kiangazi, Julai hadi Novemba: hapa ndipo miti inapofanya kazi. Mlonge uliokatwa kwa urefu wa kifua huchipua matawi mapya, na majani yake huchumwa hata mvua zikiwa mbali. Muhogo hutoa kisamvu, lakini kitwangwe na kupikwa vizuri ili sumu iishe. Mbaazi huvumilia ukame na kutoa protini. Papai moja lililopandwa pale maji ya kuogea yanapotokea halihitaji ndoo yake lenyewe. Ubuyu na ukwaju vinapatikana kwetu, navyo tumezoea kuviona kama pipi ya watoto, kumbe ubuyu una vitamini C nyingi.

Wadudu nao wana majira yao. Kiangazi kuna utitiri mwekundu na vidukari. Pondeni majani ya mwarobaini, loweka usiku mmoja, chuja, ongeza sabuni kidogo, kisha nyunyizia jioni, chini ya majani. Kuku ni mdudu mkubwa kuliko wote, na dawa yake ni miiba.

Sehemu ya tatu: Kukausha, kazi ya Februari na Machi

Mama mkwe yule alitufundisha kwamba bustani ya Oktoba huanza Machi. Mababu zetu wa Ugogo walikausha mlenda na majani ya kunde tangu zamani. Sisi wataalamu tulikuja na pakiti za mbegu, na kwa muda hatukuuliza kilichopo kwenye kibuyu. Hata Yusufu kule Misri alikusanya wakati wa shibe, hakungoja njaa ianze.

Njia ya zamani ina kasoro moja inayorekebishika. Majani yakianikwa juani moja kwa moja hupoteza sehemu kubwa ya vitamini A. Hivyo basi:

1. Chuma majani asubuhi, osha yakiwa mazima, ndipo ukate.
2. Yachovye katika maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, kisha yachuje.
3. Yaanike kivulini penye upepo, juu ya chekecheke au kichanja kisafi, au kwenye kaushio lililofunikwa kwa kitambaa cheusi. Yasianikwe chini.
4. Yakikauka hadi kuvunjika mkononi, yaweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, mahali penye giza.
5. Andika mwezi juu ya chombo. Yatumike ndani ya miezi sita.

Kilo 10 za majani mabichi hutoa takriban kilo 1 ya majani makavu. Yaliyokaushwa Aprili mwanzoni yatafika Oktoba. Ndiyo sababu tunasisitiza akina mama wasiache kukausha mapema. Tunafahamu kwamba Februari na Machi ni miezi ya palizi na mama amechoka. Hapa kikundi kina faida: kaya tano zikipeana zamu, kila mmoja hukausha siku moja tu kwa wiki.

Karanga nazo zikaushwe vizuri na zisihifadhiwe mbichi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu kwenye mahindi. Nafaka au karanga iliyoota ukungu haifai mtu, wala kuku, wala pombe.

Sehemu ya nne: Kutoka bustanini hadi kwenye sahani

Tumewahi kuona bustani nzuri na mtoto dhaifu katika nyumba moja. Mboga ilikuwa inauzwa yote, au inapikwa hadi uzima wake kuisha. Yafuatayo yazingatiwe:

- Pika majani kwa muda mfupi. Ongeza mafuta kidogo au karanga zilizotwangwa, maana vitamini A huhitaji mafuta ili mwili uipokee.
- Punguza magadi kwenye mlenda. Magadi hulainisha haraka, lakini huharibu baadhi ya vitamini.
- Kula tunda au kunywa maji ya ubuyu pamoja na mboga. Vitamini C husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyo kwenye majani. Chai ya majani ingoje, kwa sababu ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini hayo.
- Mtoto aliyefikisha miezi sita aongezewe chakula huku akiendelea kunyonya. Uji wake utiwe unga wa karanga au mboga iliyopondwa. Majani peke yake hayatoshi. Ahitaji pia kunde, dagaa au yai.
- Kabla ya kuuza, toa fungu la nyumbani kwanza. Akina baba, jambo hili ni letu pia.

Bustani haichukui nafasi ya kliniki. Matone ya vitamini A hutolewa Juni na Desemba, na wanakamati wawakumbushe wazazi kupeleka watoto.

Sehemu ya tano: Mvua zinapobadilika

Wazee wetu walikuwa na ishara za kujua mvua, na wengi wanatuambia kwamba ishara hizo siku hizi zinawadanganya. Mvua huchelewa, au hukatika Februari wakati mtama unachanua. Mwishoni mwa mwaka 2023, mwaka wa El Niño, mvua zilikuwa nyingi kupita kiasi, na vitanda vilivyozama vingejaa maji kama mabwawa.

Ushauri wetu ni kutoweka matumaini yote mahali pamoja. Kaya iwe na magunia mawili, vitanda vichache, miti mitatu au minne, na chombo cha mboga kavu. Mvua zikizidi, magunia na miti itasalimika. Zikikatika, mboga kavu itakuwepo. Aidha, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya mvua kuanza. Katibu wa kamati autafute na usomwe kwenye matangazo ya Jumapili.

Jukumu la kamati na wabia

Kila usharika una kitu ambacho kaya moja haina, nacho ni paa kubwa. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Kanisa lenye paa la mita 10 kwa mita 20 lina mita za mraba 200. Hata tukitoa sehemu ya tano inayopotea, mvua ya milimita 500 huleta lita 80,000 kwa mwaka. Tenki la lita 10,000 hujazwa na mvua ya milimita 63 tu. Maji hayo hayatoshi kumwagilia kijiji, lakini yanatosha kitalu cha usharika: marando, miche ya mlonge na papai, na mbegu za kugawana kila mwaka.

Kwa wabia wetu tunasema hivi kwa unyenyekevu: tenki na mifereji ya bati havipendezi kwenye picha kama kabichi. Vivyo hivyo chombo cha mlenda mkavu. Tunaomba mtuvumilie tukiwaletea picha za vitu hivyo, na mkitembelea, njoni Oktoba. Mtakuta vumbi. Lakini mkifunua sufuria mtaona kazi ya fedha zenu.

Kwa kamati tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, acheni kuhesabu matuta. Ulizeni kila kaya swali moja: mtoto alikula nini jana? Pili, akina baba na vijana wachukue jukumu la maji. Baiskeli na mkokoteni wa punda hubeba kile ambacho kichwa cha mama hakiwezi. Tatu, wazee wa usharika, hasa akina bibi, waalikwe kuwa walimu wa mboga za asili. Elimu hiyo haina posho kubwa, na ikipotea hatuna pa kuinunua.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wetu, ni miezi gani mboga hukosekana? Je, ni ile ile ambayo unga hukosekana?
2. Mama katika kaya ya kawaida hapa kwetu huleta ndoo ngapi kwa siku? Bustani tunayomshauri itatumia ngapi kati ya hizo?
3. Ni mboga gani za asili ambazo bibi zetu walizikausha, nasi tumeziacha? Nani bado anajua?
4. Paa la kanisa letu lina ukubwa gani, na maji yake yanakwenda wapi?
5. Ni nani kati yetu atakayetembelea kaya kumi mwezi wa Oktoba na kuleta taarifa ya kweli, hata kama haipendezi?

Majibu yaandikwe na kutumwa ofisini kupitia jimbo. Sisi nasi tutarudi Oktoba, na yale tutakayoyaona tutawaandikia katika toleo la mwisho wa mwaka, yawe ya kufurahisha au ya kutuonya tena. Mama yule wa kiangazi kile sasa ana magunia mawili nyuma ya jiko na mlonge mmoja mlangoni. Ni kidogo kuliko matuta manne tuliyompigia picha. Tofauti ni kwamba bado yapo.